Alama Kumi Ukingoni mwa Hodhi

Nina miguu minne ya simba na sijawahi kuwinda. Nina tumbo kubwa na sijawahi kula. Watu huniingia uchi wakiwa wazito, hutoka wakiwa wepesi. Mimi ni nani? Fikiri kwanza, usitazame pembeni, jibu halimo huko. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukinipa mji nitauchagua Salto, huu wetu wa juu ya mto Uruguay, mji wa michungwa na chemchemi za maji moto, kwa sababu ndiko liliko hodhi lenyewe, uani kwa Walkiria Bentancor, na miguu yake minne ya simba. Mpaka leo halijawinda mtu.

Lilikuwa hodhi la kuogea, la chuma kizito, la kumlaza mtu mzima hadi mabegani. Babu yake Walkiria aliliagiza kwa meli, likapandishwa mto, na wanaume wanane wakalibeba kutoka bandarini wakipumzika kila kona. Ndani lilikuwa na kauri nyeupe. Lakini kauri nayo huzeeka. Mwaka ninaousema ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na chini ya bomba kutu ilikuwa imechora ulimi mrefu wa kahawia.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, Walkiria na mumewe Elbio walisimama mlangoni mwa bafu wakilitazama.

"Mariela anafika Jumapili ya wiki ijayo," alisema Walkiria. "Hawezi kumwogesha mtoto wake kwenye hodhi la namna hii."

Mariela ni binti yao, aliyeolewa Uhispania. Alikuwa amejifungua, na alikuwa anamleta mtoto kwa sababu katika nyumba ile mtoto hahesabiwi kuwa Bentancor mpaka aogeshwe ndani ya hodhi la babu.

"Nitalipaka mwenyewe," alisema Elbio.

"Wewe?"

"Mimi. Mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini na moja atashindwa na karai?"

"Elbio, reli ulikuwa unakata tiketi."

"Nilikuwa nakata tiketi, lakini macho nilikuwa nayo. Nimeona mafundi wakipaka mabehewa."

"Mwite Heber Fagúndez, mzee wangu. Anakuja na mashine yake ya kupulizia, siku moja anamaliza, analala zake nyumbani na sisi tunalala kwetu."

"Heber anachanganya rangi kidogo na maneno mengi. Nipe siku nne."

Walkiria alimpa siku nne, maana alikuwa ameolewa naye miaka arobaini na alijua ni nafuu kumpa siku nne kuliko kumpa sababu.

Nyuma yao, ndoo na tambara mkononi, alikuwa amesimama Ciriaca, akingoja watoke mlangoni apite.

Sasa nikueleze Ciriaca. Aliletwa kutoka mashambani akiwa na miaka kumi na mmoja, binti wa mchunga kondoo, na mwaka ule alikuwa na sabini na sita. Walkiria alipozaliwa, Ciriaca ndiye aliyemwogesha, na mpaka sasa alimwita Mtoto, ingawa Mtoto alikuwa na mvi na kisukari. Alimwogesha Mariela pia. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ua, jirani na mahali pa kufulia, na hapo pa kufulia ndipo alipoogea, amesimama juu ya ubao, kwa jagi. Watu wa nyumba wakiulizwa husema Ciriaca ni mtu wa nyumbani, na husema hivyo kwa moyo mweupe.

Siku ya kwanza kabisa alipofika, mama yake Walkiria, bibi Amanda, alimshika mkono akamwonyesha nyumba nzima. Bafuni alimwambia, "Hili wewe ni la kuliosha, si la kuogea." Alimwambia kwa upole, kisha akampa kipande cha mkate na jemu. Bibi Amanda alikufa bila kuyafuta maneno yale, kwa sababu aliyasahau jioni ileile. Ciriaca hakuyasahau. Kwa miaka sitini na mitano alipiga magoti pale kila siku, akasugua, na alipomaliza alishika ukingo kwa mikono miwili, mahali palepale, akajinyanyua.

Magoti yalikuwa yamechoka. Mwezi wa tano daktari Pintos aliyabonyeza, akatikisa kichwa, akasema: "Maji ya moto, Ciriaca. Ukae ndani, yakufike kiunoni, nusu saa kila siku. Bila hivyo, masika ya maua yakifika hutasimama."

Nyumba ililichukua agizo lile kwa uzito. Walilizungumza mezani siku tatu. Chemchemi ziko nje ya mji, na ngazi za basi ni ndefu. Mto ni baridi. Walkiria alilia kidogo, akisema laiti pangekuwa na mahali mtu anaweza kukaa ndani ya maji ya moto. Mwishowe Elbio, aliyempenda Ciriaca kama shangazi, alikwenda dukani akamnunulia ndoo mbili, moja kwa kila mguu. Zilikuwa ndoo nzuri, za buluu. Zilifika chini ya magoti.

Basi, Elbio alianza. Alipiga msasa hadi vumbi likawa juu ya picha za ukutani. Alipaka tindikali, akasuuza, akaziba mashimo kwa puti, akapiga msasa tena. Kwenye kopo la rangi palikuwa na maandishi mekundu: pasiguswe na mafuta kabisa. Aliyasoma kwa sauti, akasema ameelewa.

Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na nchi hii mvua ikinyesha hakuna nyumba isiyokaanga. Ni desturi, hata maskini ana unga. Tunakaanga maandazi bapa yenye tundu katikati, kwa mafuta ya ng'ombe, na mtu hula wima, dirishani, akitazama maji yakishuka barabarani. Ilinyesha siku nne. Ciriaca alikaanga siku nne, na kila alipopita na sahani Elbio alinyoosha mkono kutoka bafuni.

Siku ya nne alipaka rangi. Ilikaa vizuri, nyeupe, nzito kama maziwa. Kisha, wakiwa wote wamesimama pale, rangi ikaanza kusogea. Penye ukingo, upande wa mlangoni, ilijivuta pembeni taratibu, kama watu wanaompisha mtu mwenye mzigo, ikaacha madoa kumi matupu. Manne na manne kwa nje, na mawili kwa ndani.

"Umelishika na mikono ya mafuta," alisema Walkiria.

"Nilijifuta."

"Ulijifutia wapi?"

"Kwenye suruali."

"Suruali ipi? Hiyo uliyokalia nayo sahani jana?"

Elbio aliweka vidole vyake karibu na madoa, apime. Vilikuwa vinene mno. Walkiria alipima vyake. Vilikuwa vifupi, na pete zilizuia. Wakakubaliana kwamba mafuta hutambaa. Ciriaca alikuwa sakafuni akifuta matone ya rangi, kwa hiyo hakupima.

Elbio alikwangua, akaosha kwa sabuni, kwa siki, kwa thina, akapaka tena. Rangi ikapisha tena, mahali palepale. Safari hii palikuwa na doa la kumi na moja, duara kubwa katikati ya hodhi.

"Na hili?"

"Hilo ni birika la mate," alikiri Elbio, yaani mate yetu ya kunywa, chai ya majani machungu inayovutwa kwa mrija. "Nililiweka kidogo tu nivute kikombe kimoja. Mtu hawezi kufanya kazi bila mate, Walki, hata nawe unajua."

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imekatika. Saa nane mchana Salto hulala. Maduka hufungwa, mbwa hujinyoosha vivulini, hata wezi, wanasema, hulala. Katika nyumba ile aliyekuwa macho ni Ciriaca peke yake. Alikuwa amekaa kitini mlangoni mwa chumba chake, miguu ndani ya ndoo mbili, akimenya njegere.

Alisikia kitu kizito kikishusha pumzi ndani ya nyumba. Kisha akasikia nyayo.

Hodhi lilitoka bafuni, likajikunja kidogo kupita mlangoni, likashika ukumbi. Lilitembea bila papara, mguu baada ya mguu, kama mnyama mwenye adabu anayejua kwamba watu wamelala. Mabomba yalikuwa yamefunguka yenyewe na kuning'inia ukutani bila kuvuja tone. Lilipofika uani kuku walijipanga ukutani wakalipisha. Jua la kipupwe lililipiga ubavuni, na rangi mbaya ya Elbio, yenye michirizi na nywele za brashi, iling'aa hivi kwamba kivuli cha mchungwa kikageuka cheupe.

Lilisimama mbele ya Ciriaca. Lilikuwa limejaa maji, na hakuna aliyefungua bomba. Mvuke ulipanda ukinuka maua ya michungwa, na mwezi wa saba michungwa haina maua. Kisha likakunja miguu yake ya mbele, polepole, kama ng'ombe anayetaka kulala, mpaka ukingo ukashuka ukafika usawa wa kifundo cha mguu wa mtu aliyekaa kitini.

Ciriaca aliweka njegere chini. Alitoa miguu kwenye ndoo, mmoja mmoja, akaikausha kwa aproni. Akainama, akachovya kiwiko ndani ya maji, kama alivyofanya kwa kila mtoto wa nyumba ile. Alikiacha kiwiko humo. Joto lilipanda mkononi, likapita begani, likashuka mgongoni hadi kwenye magoti, nayo magoti, ambayo yalikuwa yakimuuma bila kukatika tangu mwaka wa baridi kali, yakanyamaza. Alisikia kimya chao. Kilikuwa kimya kikubwa, kama cha kanisa baada ya kengele.

"Ngoja kidogo," aliliambia hodhi. "Wakiamka nitauliza."

Akakaa wakatazamana, yeye na hodhi, saa moja na nusu. Maji hayakupoa.

Walkiria alipoamka alitokea ukumbini akifunga gauni.

"Ciriaca! Umeviona vigae hivi? Kucha, kucha kila mahali! Nani kauacha wazi mlango wa bafu?"

Ciriaca alichukua tambara, akaenda kwenye vigae, akapiga magoti. Alikuwa na la kuuliza, lakini kazi ya vigae ilikuwa ndefu, na alipomaliza ilikuwa imefika saa ya kuweka meza.

Majirani sita walisaidia kulirudisha. Lilikwenda kwa shida, likikwaruza, na mmoja wa majirani, mwuza samaki, alisema afadhali kumrudisha dume la ng'ombe machinjioni. Jumamosi, saa nane, likatoka tena. Jumapili pia. Kila mara lilisimama mbele ya mlango uleule, limejaa, limepiga magoti.

"Hukukaza miguu yake vizuri," alisema Walkiria.

"Niliikaza!"

"Ungeikaza lisingetembea. Hiyo ndiyo faida ya kujifanyia mwenyewe. Mpigie Heber."

Heber Fagúndez alikuja Jumatatu. Alikuwa mwembamba, mwenye ovaroli lililokauka kwa rangi hivi kwamba alipolivua lilibaki limesimama. Alizunguka hodhi mara mbili. Akalinusa.

"Nani alilipaka hili?"

"Kuna jamaa mmoja alijaribu," alisema Elbio.

"Jamaa huyo alikuwa anakula mafuta ya ng'ombe."

"Kulikuwa na mvua, fundi."

"Hata kwangu kulikuwa na mvua, lakini mimi hunawa. Na hili duara la birika, nalo jamaa alilisahau?"

"Jamaa alikuwa na kiu," alisema Walkiria, na Elbio akaenda kutazama kitu uani.

Heber alipitisha kidole juu ya madoa ya ukingoni, moja moja, kama anayesoma. Alivua kofia.

"Sikiliza, mama. Mafuta nayatoa. Duara nalitoa. Mimi nimepaka mahodhi miaka ishirini na tisa, na hakuna uchafu nisioutoa. Haya kumi si uchafu. Haya yametoka ndani ya chuma. Linatembea?"

"Saa nane. Linaharibu vigae."

"Ndiyo. Likitembea huwa linamtafuta mtu. Huko Paysandú lilikuwepo moja likienda stesheni kila alasiri, kumpokea mwenye nyumba aliyefia safarini. Watu wakamrudisha, akaoshwa humo kabla ya kuzikwa, likatulia." Akavaa kofia. "Kwa hiyo nitawauliza jambo moja, na mlijibu polepole. Katika nyumba hii, ni nani ambaye hajawahi kuoga humu?"

Walkiria alikaa kwenye kigoda akahesabu. Babu aliogea, na ndimo alimofia, gazeti mkononi, bila kulilowesha. Bibi aliogea. Mama Amanda aliogea kila Jumamosi, na chumvi. Shangazi wawili, na yule wa tatu aliyekuwa mtawa, alipokuja likizo. Askofu mmoja, mwaka wa mafuriko. Mbwa Káiser. Ndama, mwaka wa sakitu, ili asife. Elbio, yeye mwenyewe, Mariela.

"Hakuna," alisema. "Wote."

Wakati huo Ciriaca aliingia na sahani. "Karibu, fundi, bado yana moto." Heber alimtazama Ciriaca, akatazama vidole vyake chini ya sahani, akachukua andazi moja.

"Na yeye?"

"Ciriaca?" Walkiria alicheka kwa mapenzi. "Ciriaca yumo humu kila siku ya Mungu tangu akiwa mtoto! Hakuna mtu duniani aliyeingia humu mara nyingi kama Ciriaca. Siyo, Ciriaca?"

"Kila siku, Mtoto," alisema Ciriaca, na ilikuwa kweli, kwa tambara na brashi. Fundi alikuwa amemuuliza Walkiria, na yeye hakuwa na mazoea ya kujibu swali lililoulizwa mtu mwingine. Akaweka sahani chini akaondoka.

Heber alinawa mikono mara tatu. Alifunika dirisha, akavaa barakoa, akawasha mashine yake. Mchana kutwa nyumba ilinguruma. Alipofungua mlango, watu waliokuwa wamekuja kutazama walisogea. Sijui nikuelezeje weupe ule. Hapakuwa na mchirizi, hapakuwa na alama ya mkono. Ulikuwa kama kitu kilichomiminika chenyewe na kuamua kukaa hapo. Taa ya bafu ilizimwa, na bado mtu aliona mstari wa kiganja chake. Mwuza samaki alivua kofia. Bibi mmoja wa jirani alijipiga ishara ya msalaba, kisha akauliza fundi ana nafasi lini.

Alama kumi zilikuwepo palepale, kijivu, wazi, na kingo zake laini kana kwamba rangi ilikuwa imezizunguka kwa heshima.

"Siku mbili lisiguswe na maji," alisema Heber akikunja mipira ya mashine yake. "Na hizo, mkipata jibu la swali langu nipigieni. Nitakuja kuzimalizia. Bila jibu siwezi, hata mje na mfalme wa mafundi."

Elbio alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alisema kwamba, tuseme ukweli, hata fundi hakuziweza zile kumi. Alilisema jambo hilo mara nyingi wiki ile.

Siku ya tatu, saa nane, hodhi lilitoka tena. Walkiria alilikuta mbele ya mlango wa Ciriaca, jeupe, linafuka mvuke wenye harufu ya maua, limepiga magoti.

"Basi," alisema. "Limependa nje. Liache."

Na lilikaa. Elbio alilijengea paa la bati juu ya nguzo nne, kazi aliyoifanya mwenyewe, na paa lile linavuja upande mmoja tu. Bafuni waliweka bomba la mvua la plastiki. Mariela alifika Jumapili na mtoto wake, akasimama uani na sanduku mkononi.

"Mama, hodhi liko nje."

"Ndiyo, binti yangu. Lina hewa zaidi. Umekula?"

Mtoto aliogeshwa jioni ileile, jua likiwa bado juu ya ukuta. Ciriaca alipiga magoti kwenye saruji, maana hakuna mwingine aliyejua kumshika mtoto mchanga kwenye maji. Alichovya kiwiko. "Maji mazuri, roho yangu? Hayachomi?" Mtoto, ambaye alikuwa amelia tangu uwanja wa ndege, alifungua macho, akanyoosha mikono, akaelea juu ya kiganja cha Ciriaca kama jani. Michungwa mitatu ya uani ilifungua maua kwa pamoja. Watu walisikia maua yakifunguka. Yalitoa sauti ndogo, kama midomo ikiachana. Mariela alilia. Elbio alipiga picha, na baadaye picha zilipotoka zilikuwa nyeupe tupu, akaziweka kwenye fremu hivyohivyo.

Kisha Ciriaca alimkabidhi mtoto, akaweka mikono yake miwili ukingoni, ajinyanyue. Vidole vinne vilikaa kwenye alama nne, na vinne kwenye nne, na vidole gumba kwenye mbili za ndani. Vilitosha kama ufunguo unavyotosha kwenye kufuli. Alijaribu mara tatu, akasimama. Watu wote walikuwa wanamtazama mtoto.

Mariela alirudi Uhispania. Hodhi likawa jambo la kawaida, kama kisima. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakizungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa, wakatia mikono wakaitoa imepona nyufa za sabuni. Daktari Pintos naye alikuja, akavua kiatu na soksi, akatia mguu wake wenye jongo. Alifumba macho muda mrefu.

"Maji kama haya," alisema, "ndiyo hasa niliyomwandikia Ciriaca." Akaomba taulo. Ciriaca alimletea.

Walkiria ndiye aliyelitumia zaidi. Kila alasiri, baada ya usingizi wa mchana, alijilaza humo hadi shingoni, mate mkononi, kisukari kikashuka, ngozi ikarudi kama ya msichana. Alikuwa akiwaambia watu kwamba hodhi linampigia magoti yeye, kwa sababu ni Bentancor wa damu wa mwisho aliyebaki Salto. Ciriaca alileta birika, alileta taulo, akisukuma kiti mbele yake ili ajiegemeze, maana sasa hakuweza kutoka chumbani hadi hodhini bila kiti, na ni hatua nne. Ndoo za buluu alizifanya za kumwagilia mchaichai.

Nami nimewahi kuona kwa macho yangu jinsi hodhi lile linavyofanya Ciriaca akipita. Linashuka. Hata likiwa na mtu ndani, linashusha ukingo kidogo, na maji yanainama upande wake.

"Tulia wewe!" husema Walkiria, akishika kikombe kisimwagike.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa nane, na masika yetu ya maua yalikuwa yamebakiza wiki tatu kufika. Nyuki walikuwa wamejaa uani. Walkiria alikuwa ndani ya maji, macho yamefumba, na Ciriaca alikuwa amepiga magoti kando, akisugua mguu mmoja wa simba uliokuwa umeota kuvu.

"Ciriaca," alisema Walkiria kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "unamkumbuka yule fundi, na swali lake? Eti nani hajawahi kuoga humu."

"Namkumbuka, Mtoto."

"Nimelifikiria mwezi mzima, ujue. Kwa sababu zile alama zinanikera, hodhi zuri hivi. Nimehesabu mpaka wageni. Nimemhesabu hata yule mpiga kinanda aliyelala hapa usiku mmoja. Wote waliogea." Alivuta mate hadi kikombe kikakoroma. "Wewe umekaa hapa kuliko mtu yeyote. Hebu niambie, ni nani?"

Ciriaca aliacha kusugua. Aliweka mkono wa kulia kwenye alama tano, na wa kushoto kwenye tano, akajaribu kusimama, hakuweza, akajaribu tena, hakuweza. Hodhi lilishusha ukingo chini ya mikono yake, na maji yakapanda yakamgusa vifundo vya mikono, ya moto, sawasawa kabisa. Akabaki palepale kwenye magoti, akapumua.

"Ni mimi, Mtoto," alisema. "Nikuongezee maji ya mate?"